Sauti ya Chini kwenye Santuri ya Opaleti

MINA: Haloo? Ni nani?

ARDELLA: Ni mimi, Ardella. Siku hizi hata sauti yangu huijui?

MINA: Shoga! Laini inakwaruza bwana. Hujambo?

ARDELLA: Sijambo. Niko kwenye simu ya sarafu, hapa tunapofulia nguo. Nyumbani sikutaka mwanangu Renita arudi anikute naongea.

MINA: Unaongea nini tena? Kuna—

ARDELLA: Nimeinunua santuri yetu, Mina.

MINA: Ah! Umeipata wapi? Nilitaka nikuletee mwenyewe.

ARDELLA: Mjini. Nilikuwa napita zangu, nikaona sura yangu kwenye jalada, dirishani mwa duka. Vibao Bora vya Opaleti. Kundi letu zima: wewe, mimi, na marehemu Joycelyn, na yale magauni ya kijani. Muuza duka ananiambia imetoka siku nyingi. Nikaona aibu. Mbona hukunipigia?

MINA: Mbio mbio tu, mwenzangu. Si unajua—

ARDELLA: Sijui. Ndiyo maana nimepiga.

[Laini inakwaruza.]

MINA: Basi si jambo la kufurahi? Philadelphia nzima inatusikia upya! Wamezichukua zile za zamani, wakazisafisha kidogo—

ARDELLA: Wamezisafisha.

MINA: Mitambo ya siku hizi, wee! Inatoa kila kelele.

ARDELLA: Imenitoa na mimi?

MINA: Maana yake nini?

ARDELLA: Usinifanye mtoto, Mina. Tulikubaliana nini, tangu tunaimba kwenye ngazi za kwa mama yako? Wewe ukivuta pumzi, mimi nashikilia. Mimi nikivuta, Joycelyn anashikilia. Hatuvuti pamoja hata siku moja. Sasa nimefika wimbo wa nne, ubeti wa pili, sauti ya juu na ya chini zimevuta pumzi pamoja. Pana shimo pale, gari linapita!

MINA: Labda ni sindano ya gramafoni yako—

ARDELLA: Gramafoni yangu nzima! Ile sauti ya chini si yangu. Ni ya nani?

MINA: [Anashusha pumzi.] Kampuni ya zamani ilikataa kutoa kanda. Ikabidi turudi studio tuimbe upya. Ya Joycelyn niliimba mimi, wakairekodi juu ya yangu.

ARDELLA: Na yangu?

MINA: Ardella, tangu upasuaji wa koo, sauti yako... si nilidhani kukuita kungeku—

ARDELLA: Sema. Kungenifanya nini?

MINA: Kungekuumiza.

ARDELLA: Na kunificha hakuumizi! Sura yangu mmeiweka pale mbele inacheka, na mdomoni mmenitia sauti ya mtu baki! Nimemwonyesha hadi mchungaji. Na Renita jana namwekea, ananiambia kichwa kinamuuma, anaingia chumbani.

MINA: Kachoka tu yule. Kila Jumanne yale masomo ya uuguzi—

ARDELLA: Nani kakwambia ni Jumanne?

MINA: Si wewe?

ARDELLA: Mimi na wewe hatujaongea tangu Pasaka.

[Kitu kinalia "klik" kwenye laini.]

ARDELLA: Nani kainua simu nyingine hapo kwako?

MINA: Hakuna mtu. Laini tu hii mbovu—

ARDELLA: Mina, unaishi peke yako na paka. Paka kainua simu ya jikoni? Leo ni Jumanne. Nani yuko kwako?

MINA: Shoga, nisikilize kwanza—

ARDELLA: Nani?

RENITA: Ni mimi, Mama.

[Mashine za kufulia zinasikika.]

RENITA: Usimlaumu Anti Mina. Mimi ndiye niliyembembeleza niimbe mahali pako. Alikataa mara ya kwanza, akakataa na ya pili.

ARDELLA: Na uuguzi?

RENITA: Hakuna uuguzi. Kila Jumanne nakuja hapa kuimba. Mama, tangu utoke hospitali nyumbani hapana wimbo. Hata redio huwashi. Nikiimba bafuni unagonga mlango. Ukienda kazini nilikuwa nazitoa santuri zako za zamani chini ya kitanda, najifunza mstari kwa mstari. Nilitaka siku ukiisikia, udhani ni wewe.

MINA: Ardella? Upo?

ARDELLA: Nipo.

RENITA: Mama, nisamehe.

ARDELLA: Nyimbo tatu, Renita. Nyimbo tatu nzima nilikaa pale kitandani nikidhani ni mimi. Nililia. Nikasema, kumbe nilikuwa naimba vizuri hivi, na hakuna aliyewahi kuniambia.

RENITA: Mama—

[Mlio mrefu kwenye laini.]

ARDELLA: Sarafu inaisha, sina nyingine. Mina, upesi! Nyuma ya jalada, sauti ya chini wameandika nani?

MINA: Wameandika wewe. Waliona watu wanalijua jina la—

ARDELLA: Kesho asubuhi wapigie. Wakichapa nyingine, langu walifute.

MINA: Ardella, usifike huko, tafadhali—

ARDELLA: Walifute, nasema! Waandike la mwanangu. Jina lote, na la baba yake, wasije waka—

[Simu imekatika.]