Paka Hanuki Tena

Ndani ya basi, mgane alipakata kikapu chenye paka wa marehemu mkewe, manyoya marefu kama zulia. Mama wa kiti cha jirani akasogea. "Paka hawa kinyesi hakiwagandi nyuma, baba?"

"Kilimganda. Mke wa mwanangu akasema akichafua kochi tena, anatupwa. Tangu hapo tunapitia mlango wa uani. Leo nimempeleka kwa daktari wa mifugo wa serikali, nikakuta kufuli. Wakubwa wako semina. Nikaazima mkasi kwa fundi cherehani, nikamnyoa chini ya mkia. Fundi sikumwambia ni wa nini."

"Umemwacha uchi, mzee."

"Nusa."

Mama akainama, akanusa, akanusa tena. "Manyoya yataota tena," akajitetea.

"Na fundi yupo."

Basi likasimama. Mgane akashuka, kikapu kifuani, akaelekea mlango wa mbele wa nyumba ya mwanawe.