Kaseti Saba za Mama Yetu Esteria

Ndugu waombolezaji, nasimama mbele yenu kwa niaba ya familia, kuwasomea maisha ya mama yetu Esteria Masunga, na mnisamehe sauti yangu ikiwa ndogo, mimi ni Felisita, kitinda mimba wake.

Mama alizaliwa tarehe 18 Agosti 1952, Malampaka, wilayani Maswa, akiwa mtoto wa nne wa mzee Masunga Salu, aliyekuwa mpakiaji wa marobota ya pamba stesheni. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia 1961 hadi 1967, na mwaka 1969 aliajiriwa na chama cha ushirika kuwa karani wa mizani, kazi aliyoifanya hadi 1994, wanunuzi binafsi waliporuhusiwa na ghala likafungwa.

Tarehe 6 Julai 1974 alifunga ndoa na baba yetu, Josia Kwandu wa hapa Ngulyati, wakajaliwa watoto wawili, kaka yangu Januarius na mimi, na baba alifariki mwaka 1989.

Wanunuzi wapya waliwalipa wakulima majumbani, na majambazi wenye bunduki wakafuata nyuma yao, wakitanguliza barua za kusema siku watakayofika. Kwa hiyo Juni 1999, miezi kumi baada ya bomu la Dar es Salaam, alikuja mtafiti wa chuo kikuu, bwana Joakim, akitaka kujua jamii zinaishije chini ya tishio la ugaidi, mjini na vijijini, akamwajiri mama amtafsirie Kisukuma. Siku ya mkutano wa kijiji wa kumpokea, marehemu mzee Mahona aliwachekesha watu wote aliposema, "Magaidi hao tunawasikia redioni, wa kwetu wanatuandikia barua, tena wanaanza na salamu."

Bwana Joakim alikuwa na dodoso la maswali arobaini, la kwanza jina, la pili idadi ya ng'ombe, na kila kaya ilijibu, "Hatuna ng'ombe, hatuna hofu, karibuni maji," huku ng'ombe wakilia zizini. Jioni ile mama alimwambia, "Baba, jina na hesabu ya ng'ombe ndivyo wanavyouliza wapelelezi wa majambazi, na sisi tumeingia kwa mlango wao." Alimshauri waanze upya, wasiandike jina la mtu, wasihesabu mifugo, wakae na wenyeji wakichambua nao pamba, na wasiulize kama mtu anaogopa, waulize tu jua likizama anaanza kufanya nini. Hapo ndipo watu walipoeleza, wakirekodiwa kwenye kaseti, kwamba wapo wanaolala na viatu, wapo waliohamishia watoto kwenye rundo la pamba, na wapo wanaomhofia mtu wa damu yao. Mama aliwaahidi kwamba sauti zao hazitasikiwa na mwingine, na bwana Joakim alikubali kuondoka na maandishi yasiyo na majina, kaseti saba zikabaki kwa mama.

Novemba 1999 majambazi walimuua mzee Mahona nyumbani kwake, na ikasemwa kwamba alieleza siri za boma lake kwenye kaseti, na kaseti ikawafikia. Sungusungu, walinzi wa kijiji, walimwita mama, mwenyekiti wao akamwambia, "Mayu, mama yetu, tufungulie tusikie, Mahona akiwa hayumo, umepona leo hii." Mama alijibu, "Mkimtafuta mmoja mtawasikia wote," akarudi nyumbani, na tangu siku hiyo alitengwa, asipewe moto, asisalimiwe, asiuziwe kitu.

Alikaa hivyo miaka mitatu na miezi minne. Kila asubuhi alitoa salamu ya mwangaluka njiani, ingawa haikujibiwa, na mara moja kwa mwezi alipanda lori hadi Lamadi kununua dagaa, si kwa dagaa tu, bali kwa kuwa kule muuzaji humsalimia mtu asiyemjua. Nilipokuja kumwonyesha mwanangu mchanga, alizungumza naye mchana kutwa, mpaka sauti ikamkauka.

Mwaka 2001 alianza kusumbuliwa na shinikizo la damu, tarehe 2 Februari 2003 alipata kiharusi, akalazwa hospitalini Bariadi, na akafariki tarehe 9 Machi 2003, saa tatu asubuhi.

Juzi tuliambiwa kwamba tukizifungua kaseti, kijiji kitachimba kaburi, na sisi tulikataa, ikabidi Januarius aanze kuchimba na wenzake wawili kutoka Malampaka. Jana alasiri alifika mama Minza, mjane wa mzee Mahona, amejitwika jembe, akasema, "Sikuja kusikiliza, nimeleta jembe," na wanaume waliokuwa wamesimama barabarani wakaingia mmoja mmoja, wakapokezana hadi kaburi likaisha. Kama sauti ya mzee Mahona imo, mimi sijui, wala mama Minza hakuuliza, na kaseti zote saba tumezilaza kifuani pa mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, bwana Joakim kwa barua yake ya rambirambi, makarani wenzake wa zamani, na ninyi majirani mliofika, nasi hatumdai mtu maelezo.

Mayu, mwangaluka. Leo tumekuja wengi, pumzika.