Tovuti Niliyokuwa Naiona Peke Yangu

Wa kanisani nawasalimu, wa msikitini nawasalimu, na nyie mliofuata chai pia nawasalimu. Msinitazame sana usoni jamani. Mimi nimezoea kusimama shambani na kifaa cha kupimia, siyo mbele ya watu wazima waliokunja mikono.

Wengi hapa Mwisenge mnanionaga nikipita na bodaboda, nimekumbatia ile stendi ya miguu mitatu. Mimi ni mpima ardhi. Nina leseni, nina ofisi ya chumba kimoja, na nina tovuti. Hiyo tovuti ndiyo iliyonikondesha.

Nilipoacha ajira na kufungua ofisi, rafiki niliyesoma naye alinitengenezea. Nikamwambia weka Kiingereza kizito, watu wajue hapa kuna msomi. Akaweka. Juu kabisa paliandikwa habari za masuluhisho jumuishi ya taarifa za kijiografia, tena kwa Kiingereza, na kila ukurasa kichwa chake kilikuwa neno moja tu: Karibu. Niliipenda sana.

Kila asubuhi kabla ya chai nilikuwa naandikaga jina la kampuni yangu kwenye simu, natafuta. Wa kwanza! Kila siku mimi ni wa kwanza. Najipongeza, nafungua ofisi, nakaa. Haji mtu.

Ndugu zangu, nawaambia, kukaa ofisini bila mteja kunachosha kuliko kazi. Nilifuta vumbi kwenye meza isiyo na vumbi. Mtu akipita barazani nashika kalamu, nionekane niko bize. Chakula hakipiti. Mume wangu akiniuliza, "Leo vipi?" namjibu, "Leo safi." Nilimdanganya miezi.

Masika yalipoanza ikaja barua ya kazi, Dodoma. Kazi nzuri, nijibu ndani ya wiki sita. Lakini mama yangu yuko Buswahili peke yake, miguu inamsumbua, na kila Jumamosi ni mimi ninayempelekea dawa na kumfulia. Nikienda Dodoma, nani atakwenda? Nisipoenda, nitakula nini? Barua nikaiweka kwenye droo. Kila nikifungua nichukue rula naiona. Nikaacha kutumia rula.

Wiki ya tatu akaingia baba mmoja wa Guta. Hakunifuata mimi, alikuwa anamtafuta fundi cherehani wa mlango wa pili. Akaona ramani ukutani, akasimama.

"Mama, kumbe hapa mnapimaga mashamba?"

"Ndiyo baba, karibu."

"Mbona nimehangaika wiki nzima kwenye simu sijakuona? Jirani kang'oa katani zangu zote nilizopanda kuonyesha mpaka. Nimeshampata mtu wa Mwanza, anakuja kesho."

Mwanza! Nikamwambia baba, haiwezekani, mimi ndiye wa kwanza. Nikamwonyesha simu yangu. Akaitazama, akaniambia kwa upole, "Hapa umeandika jina lako. Sasa mimi jina lako ningelijulia wapi?"

Akatoa simu yake, akaandika kama alivyokuwa ameandika siku zote: jirani kang'oa katani za mpaka nifanyeje. Tukashuka ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikuwepo. Nikakaa chini. Miezi yote ile nilikuwa najitafuta mwenyewe na kujipata mwenyewe.

Humu ndani kuna dada anafundisha kompyuta. Hataki nimtaje, nanyi msigeuke kumtazama. Nilimfuata nikilia. Akasoma tovuti yangu yote, akavua miwani.

"Dada, ile mashine ya kutafutia haijali kama umesoma. Inasoma ulichoandika, inalinganisha na alichoandika mwenye shida. Huku kwetu nani anaandikaga haya maneno yako?"

Akanieleza pia kwamba simu yangu imeshanizoea, ndiyo maana inaniletea tovuti yangu kila mara. Tukaanza upya. Kila ukurasa ukapata kichwa chake, kwa Kiswahili, na mahali pake: kupima shamba Bunda, kupima kiwanja Musoma, kupima mpaka Butiama. Na ukurasa mmoja nikauandika kwa maneno ya yule baba wa Guta: Jirani aking'oa katani za mpaka, ufanye nini. Kwenye ramani ya mtandaoni ofisi ilikuwa bado inaonekana kule nilikohama, tukaisahihisha. Picha zilikuwa nzito, simu ya kawaida haizifungui, tukazipunguza. Wateja wangu wa zamani nikawaomba waandike maoni, ila ya kweli. Mmoja akaandika kwamba nachelewa. Ni kweli, huwa nachelewaga.

Basi nikamuuliza dada, kesho watanipata? Akasema, "Inachukua wiki. Wakati mwingine miezi." Mimi nilikuwa nimebakiza wiki mbili! Kuna mtu mmoja akanipigia simu, akaahidi kunifanya wa kwanza kwa siku tatu. Nilikaribia kukubali. Dada akanizuia: huyo atakufichia maneno ya uongo kwenye kurasa, ikigundulika unaondolewa kabisa. Nikasubiri. Simu ikilia naikimbilia, kumbe ni shangazi.

Zikabaki siku tatu. Nilikuwa nimeshaitoa barua kwenye droo, nimeshika kalamu niandike kwamba nakuja. Simu ikalia, namba ngeni.

"Nimekusoma kwenye simu," anasema mwanaume. "Ile ya katani. Mimi niko Buswahili. Kuna mama hapa jirani yangu, miguu inamsumbua, lakini nguvu ya kung'oa katani zangu anayo. Ana binti yake mjini huko, alisomeshwa, sijui hata anafanyaga kazi gani."

Jamani! Nilijua kabla hajamaliza. Mteja wangu wa kwanza wa mtandaoni anataka nimpimie mpaka wake na mama yangu.

Nikamwambia ukweli: baba, binti huyo ni mimi, mpaka huo siwezi kuupima. Nikampa namba ya mpimaji mwenzangu. Nikakata simu nikalia, halafu nikacheka. Mtu asiyenijua kabisa alikuwa amenipata. Siku hiyohiyo nikawaandikia Dodoma kwamba asanteni, siji.

Mwenzangu alipopima, kumbe mama alikuwa ameingia hatua nne kwa jirani. Alininunia Jumamosi mbili. Ya tatu akanirushia shuka nifue.

Wateja sasa wanakuja, siyo wengi sana, lakini chakula kinapita kooni. Namshukuru baba wa Guta aliyekosea mlango. Namshukuru dada yangu asiyetajwa. Namshukuru mume wangu, nilipomwambia yote alisema tu, "Nilijua, nilikuwa nakungoja."

Na nyie wenye ofisi, wenye maduka ya dawa, wenye shule, toeni simu zenu sasa hivi. Mpe wa kushoto kwako. Mwambie akutafute kwa shida unayoitibu, asiandike jina lako. Najua mnaogopa. Mimi niko hapa, nitakaa na atakayejikosa.