Makasi na Mlangamia wa Nyuma ya Maabara

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtunza bustani wa chuo chetu cha uuguzi, ambaye sote tunamwita Makasi, anastaafu Ijumaa hii, tarehe 30 Juni.

Aliajiriwa kwa mkataba wa miezi mitatu na kazi moja tu: kuumaliza mlangamia kwenye ua wa miti unaozunguka chuo. Kwa asiyeujua, mlangamia ni nyuzi za manjano, hazina majani wala mizizi ardhini. Hujizongazonga kwenye mti wa mwenyewe na kuufyonza. Kila mkataba ulipokwisha, Makasi aliandika taarifa ya maneno mawili: kazi inaendelea. Akaongezewa mwingine. Wakuu wa chuo sita wamepita, mlangamia upo.

Mimi ni mtu wa stoo na dirisha langu linatazama huko, kwa hiyo nilijua. Pande tatu za ua alizisafisha kwa vidole, uzi mmoja mmoja. Nyuma ya maabara aliacha kichaka kimoja kwa makusudi. Mpishi alichuma hapo dawa ya kumwogeshea mwanawe mwenye upele. Wanafunzi waliufuata wa kuoshea nywele, kisha wakaingia darasani. Makasi hakumnyima mtu, ila alikataza kuunywa. Karani mmoja alijifanya sikio la kufa, akaunywa. Hatukumwona ofisini siku mbili, na hakutaka kueleza alikuwa chumba gani.

Mwaka juzi mkewe aliugua, na matibabu yakamnyonyoa nywele zote. Kila jioni Makasi aliondoka na fungu la mlangamia, akaupondaponda na kumwosha kichwa. Daktari alimwambia waziwazi kwamba haurudishi nywele. Akajibu kwamba anajua, lakini mama watoto akioshwa hupata usingizi. Tuliozoea kumtania tuliona aibu.

Jumatatu ua unang'olewa, unajengwa ukuta. Kamati ya kumuaga ilikwisha chagua saa ya mezani. Makasi, ambaye hajawahi kuomba hata glavu, aliomba kile kichaka. Kamati ilikaa vikao vitatu, maana haijapata kutokea mtu kuzawadiwa mmea alioajiriwa kuumaliza. Jana tulikichimba na udongo wake, tukakitia kwenye pipa, mlangamia ukiwa juu.

Taarifa yake ya mwisho imefika kwa mkuu wa chuo leo asubuhi: kazi inaendelea. Mkuu ameitia saini.

Asante, Makasi. Pumzika kwa heri na afya. Msalimie mama, na umwoshe taratibu.