Soli ya Gambuti ya Baba Joy

Kijiwe chetu ni benchi la Issack, kando ya ukuta wa msikiti hapa Bungoma mjini, na kahawa yake ni chungu vile inavyotakiwa. Ng'ambo ya barabara kuna ukumbi wa kanisa, ambako likizo ile ya Agosti watoto walikuwa wakifundishwa kompyuta na kuchora picha zinazotembea. Siku ya kufunga, wazazi waliitwa waje kutazama. Viatu vilijaa mlangoni, maana ndani haingii mtu navyo. Baba Joy, mkulima wa Tongaren, alifika mapema na gambuti zake, viatu vya mpira vya shambani, akaketi nasi, akakataa kuingia.

Sote tulijua sababu. Ndani ya gambuti hamkuwa na soksi, na visigino vilikuwa vimepasuka tangu palizi. Mkewe alikuwa hospitalini Lugulu na mtoto mchanga, kwa hivyo asipoingia yeye, Joy hana mtu. Lakini nani amwambie hivyo mtu mzima? Tukamsaidia kutafuta visingizio. Kijiwe hiki kikianza kukusaidia, umekwisha.

— Kuvua viatu ni mambo ya vumbi tu, alisema Waziri, karani mstaafu ambaye hajawahi kukosa jibu. Vumbi ikiingia kompyuta, inashikwa na homa.

— Homa gani, bana! akapinga Antena, fundi wa redio. Hiyo ni stima. Lazima ishuke chini ipitie mguu. Mtoto ndio waya ya ardhi.

— Si mnaona? Baba Joy akadakia. Mimi niko na presha. Stima ipitie kwa mguu yangu?

— Kule Kitale, Antena akaendelea, kahawa ikimmwagikia, kuna kijana alisoma hiyo kitu likizo moja tu. Sasa hawezi shika jembe. Ati akikanyaga shamba anasikia inatetemeka.

— Huo ni uvivu, Issack akasema, akipepea makaa.

— Nyinyi hamuoni mbali. Waziri akashusha sauti. Hiyo masomo ni ya bure, si ndiyo? Nani anapeana kitu bure? Wanapima nyayo za watoto wetu. Kiwanda ya viatu huko ng'ambo inajua saizi ya Bungoma mzima!

— Basi yangu hawapimi! Baba Joy akazivuta gambuti chini ya benchi. Lakini macho yake hayakutoka kwenye ule mlango.

— Baba Joy, Issack akamwambia polepole, mimi navua viatu hapo msikitini kila siku. Hakuna mtu amewahi kuniuliza mambo ya kisigino.

 Nilimwonea Baba Joy huruma, nikajifanya natazama kikombe.

Ndipo Mwalimu Phelista, anayewafundisha watoto, akatoka ukumbini na kuvuka barabara peku, changarawe zikimchoma.

— Hamjambo wazee. Baba Joy, samahani, Joy amenituma. Soli ya gambuti yako ni rangi gani?

— Soli?

— Amekuchora ukitembea shambani. Kila ukiinua mguu soli inaonekana, na hajui apake rangi gani. Amekataa kuonyesha watu mpaka ajue.

Antena akajikuna shingo.

— Sijui, akasema Waziri. 

Waziri huyo huyo! Nilimsikia kwa masikio yangu mawili.

Baba Joy akainua mguu, akautazama chini. Tope tupu la Tongaren.

— Hata mimi sijui. Na ni mimi huzivaa!

Issack akamsogezea birika la maji. Baba Joy akavua gambuti moja, kisigino nje mbele yetu sote, akasugua soli kwa kidole gumba mpaka rangi ikatokea.

— Ni yelo! Jameni, ni yelo!

— Nikamwambie? mwalimu akauliza.

— Wacha, madam. Nitamwambia mwenyewe.

Akavua na ya pili, akavuka barabara peku. Ile yenye tope akaiacha mlangoni pamoja na viatu vya wenzake. Ile aliyoiosha akaingia nayo mkononi, ikidondosha maji, na mwalimu hakumzuia.

 Waziri akaweka kikombe chini, akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake.