Miendo Saba ya Kanuleyo Hilaro

Ndugu, jamaa, majirani wa ngazi hii, na wanachama wa chama chetu cha kuzikana: mmesimama juani tangu saa tatu, na wafiwa wanawaomba radhi. Kuni ziko tayari. Wapiga filimbi wako tayari, na mmoja wao ameshalewa. Marehemu mwenyewe ana subira kutushinda sote. Kilichotuchelewesha ni swali la nani atembee mbele yake akiwa yeye, na jibu limepatikana sasa hivi tu. Kwa hiyo wasifu huu unasomwa hapa mlangoni badala ya kule makaburini, ili kila mtu aelewe atakachokiona.

Kanuleyo Hilaro alizaliwa mwezi Aprili, mwaka wa nne wa Kaisari Tiberio, hapa hapa Roma, mtaa wetu wa Subura, uchochoro wa nyuma ya wafua nguo. Wazazi wake walikuwa watumwa walioachwa huru. Baba alibeba machela ya matajiri, mama alisokota sufu. Walizaliwa watoto watano, wakakua wawili: yeye na dada yake, ambaye ndiye mama wa mimi mpwa wake ninayewasomea.

Shule alisoma miezi minne. Siku moja mwalimu alitoka nje kidogo, na Hilaro akaingia darasani kwa mwendo wa mwalimu, tumbo mbele, mikono nyuma. Darasa zima likasimama na kumwamkia. Kwa bahati mbaya mwalimu naye alikuwa mlangoni. Basi alipotimiza miaka kumi na miwili alipelekwa kwa Mzee Seyo, mwigizaji wa mazikoni, akajifunze kazi ambayo tayari alikuwa akiifanya bure na kuchapwa kwa ajili yake.

Kazi hiyo hakuna hapa asiyeijua. Mtu akifa, mbele ya jeneza lake anatangulia mwigizaji aliyevaa sura yake ya nta na joho lake, akitembea kama yeye na kusema kama yeye, ili marehemu ajipeleke kaburini mwenyewe. Mzee Seyo alikuwa na kanuni moja. "Maiti hatembei, mwanangu," alimwambia. "Mwendo wa mtu unauchukua angali hai. Ukingoja afe, umechelewa." Kwa muuza vitunguu hilo halina tabu. Kwa Kaisari ni shingo yako, maana anayejiandaa kwa maziko ya Kaisari huonekana anayaombea.

Hilaro aliyaandaa maziko saba ya namna hiyo. Ya kwanza yalikuwa ya Tiberio, alipokuwa na miaka kumi na minane. Aliijua ile shingo ngumu iliyovutwa nyuma, lakini alikuwa mwanafunzi, na siku yenyewe alibeba mfuko wa nguo. Akaja Gayo. Hilaro alitumia miaka minne kuiangalia ile miguu mirefu myembamba kutoka viti vya juu vya uwanja wa mbio. Gayo aliuawa mwezi Januari, akachomwa nusunusu bustanini, hakuna msafara wala filimbi. Baada yake akatawala Klaudio aliyekuwa akiburuta mguu, na hapo ndipo maisha ya marehemu yalipopinda.

Alimwoa Mindia, binti wa muuza samaki wa chumvi, mwezi Juni, mwaka wa tano wa Klaudio. Baba mkwe alikataa kwanza. "Mwigizaji leo ni huyu, kesho ni yule," alisema. "Binti yangu atajuaje aliyelala naye ni nani?" Mindia akamjibu kwamba atamjua kwa harufu. Wakapanga chumba ghorofa ya tano, humu humu, na mwaka uliofuata wakampata binti yao, Kanuleya.

Ilikuwa katika chumba hicho Hilaro alipofanyia mazoezi ya mguu wa Klaudio, asubuhi na jioni, juu ya sakafu ya mbao. Chini yao alikaa fundi viatu, Vetio, mtu mwema ila masikio yake hayakuwa na likizo. Siku moja akapanda ngazi na kugonga.

"Hilaro, bwana, juu ya kichwa changu kuna Kaisari anatembea."

Mindia ndiye aliyejibu, mtoto begani: "Kaisari gani tena? Goti la mume wangu limeharibika. Alianguka ngazini."

"Lini? Juzi nilimwona akiruka mtaro."

"Basi ndiyo huo mtaro, jirani. Umpe pole badala ya kumtolea macho."

Vetio akatoa pole. Lakini uongo ni kama mgeni, ukishaukaribisha sharti uulishe. Tangu siku ile Hilaro alilazimika kuchechemea ngazini, sokoni, kwenye mabafu ya mtaa, kisimani, popote palipokuwa na macho. Alichechemea miaka minane. Subura nzima ikamjua kwa goti lile. Hata walioletwa kwake baadaye kujifunza kazi, kama Thalo, walimkuta kiwete na hawakuuliza. Klaudio alipofariki, Oktoba ya mwaka wake wa kumi na nne, Hilaro alivaa ile sura ya nta na kutembea mbele ya mji mzima. Wazee waliolijua joho lile walilia. Ilikuwa siku yake kubwa, nasi jamaa tulijivuna mpaka aibu. Jioni alipanda ngazi, akafunga mlango, akajaribu kutembea wima. Goti likakataa.

Baada ya hapo ilikuwa kuchoka tu. Alijifunza Nero miaka kumi na mitatu, shingo nene juu ya vijiguu, na Nero akazikwa na wanawake wachache pembeni. Kisha ukaja mwaka ule ambao sote tungependa kuusahau. Galba, miguu imemvimba hata viatu havikai; Otho, matege; Vitelio, paja moja bovu na tumbo la kutangulia. Hilaro alikuwa hajamaliza huyu, anasikia yule ameshaapishwa. Mindia alikuwa akimtuma maji, anaondoka Galba, anarudi Otho. "Nimemtuma mume wangu," alimwambia, "mbona wanakuja hawa?" Watu walicheka, hata yeye alicheka. Hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyepata msafara. Na alipoulizwa kama ameanza kumtazama huyu wa sasa, alisema: "Mwacheni aishi, masikini. Mimi nimechoka." Sentensi hiyo imesomwa kwa nia njema, na aliyeisikia vibaya aisahau.

Mwezi Januari mwaka huu alishikwa na kifua. Alipewa divai ya asali, akapewa kitunguu saumu, akawekewa kitambaa cha moto mgongoni. Homa ikaja, ikaondoka, ikarudi na ndugu zake. Jioni ya tarehe nane Machi alimshika Mindia mkono.

"Mke wangu, kabla ya goti, mimi nilikuwa natembeaje?"

"Umeanza maneno. Lala."

"Sikumbuki. Nimejaribu kichwani, wanakuja wenzangu tu."

"Lala, Hilaro. Nitakwambia kesho."

Alifariki alfajiri ya tarehe tisa, mwaka wa saba wa Vespasiano, akiwa na miaka hamsini na saba. Mindia hajajisamehe ile kesho. Hajajisamehe lile goti pia, maana mdomo uliolizaa ni wake, na amesema lisomwe hivyo hivyo bila kupambwa.

Sasa la leo. Thalo, mwanafunzi wake, ndiye aliyepaswa kutangulia, na asubuhi alivaa sura na joho, akatembea kutoka mlangoni hapa hadi kisimani. Mmemwona. Mguu ulivyoburutwa, bega lilivyoshuka! Mlipiga makofi, mkasema ndiye, ndiye kabisa. Mindia akapiga kelele kutoka ngazini: "Vua!"

"Kuna nini, mama?"

"Huyo ni Klaudio. Mimi sikuolewa na Klaudio."

"Lakini mama, watu wote wanamjua hivi."

"Watu wote walidanganywa, na mimi ndiye niliyewadanganya. Amewasindikiza wengine maisha yake yote. Leo aende yeye."

Thalo akaomba aelekezwe. Akaambiwa Hilaro alikanyaga kwa ukingo wa nje wa nyayo, taratibu, mkono wa kushoto ukipapasa ukuta, kama mtu anayevuka chumba mchana mtoto amelala. Thalo akajaribu mara tatu. Kila mara ilikuwa nzuri, na kila mara Mindia alitikisa kichwa. "Unaigiza," alimwambia. "Yeye hakuwa akimwonyesha mtu." Hapo Thalo akakaa chini akalia, kwa kuwa alielewa kwamba miaka kumi na tisa alimfuata mwalimu wake nyuma bila kumwona.

"Basi lete joho," Mindia akasema.

Msimamizi wa msafara alieleza kwamba haijapata kuonekana mjane akitembea badala ya mumewe. Akajibiwa kwamba kama haijapata kuonekana, leo ataiona.

Marehemu ameacha binti, Kanuleya, aliyeolewa Ostia, pamoja na mumewe na watoto wawili, mimi mpwa wake, wanafunzi sita, jirani Vetio, ambaye amejua ukweli leo na bado amekuja na mkate, na mjane wake, Mindia, aliyeishi naye miaka thelathini.

Mindia hatavaa sura ya nta, kwani ni pana kwake. Amevaa joho tu. Tunaomba tusipige makofi, na wapiga filimbi wangoje mpaka avuke kizingiti. Wale wa upande wa kushoto sogeeni, mmpishe ukutani. Anakwenda polepole, kwa sababu ndivyo mume wake alivyokwenda; mwenye haraka atangulie makaburini.

Udongo usimlemee. Fungueni mlango, Hilaro anatoka.