Wimbo wa Nne wa Kumi Kasoro

Benchi la nje ya ukumbi wa michezo ya mashine, karibu na stesheni ya Takasaki, Japani, lina wenyewe. Kila Jumapili mchana hukaa hapo na makopo yao ya kahawa moto kutoka kwenye mashine ya vinywaji, wakibishana juu ya mchezo mmoja tu: alama zinaporomoka kwenye kioo, vidole vinagonga vitufe saba, na mkono unasugua sahani ya santuri, muziki usikatike. Leo aliyekaangwa kwa maneno alikuwa Tetsuya. Walimwita Kumi Kasoro, maana alikuwa na daraja la tisa, na mtihani wa daraja la kumi ulikuwa umemwangusha mara sita. Mara zote ni wimbo wa nne, wa mwisho, pale pale sahani inapoanza kwenda mbio. Na saa kumi jioni angepanda treni kuhamia kikazi kisiwani, ambako hakuna mashine ya mchezo huo hata moja. Roho ilimuuma waziwazi.

— Tatizo ni unyevu, — alisema Profesa, ambaye kazi yake ni kukaanga katlesi sokoni. — Mvua ikikaribia, sahani inakuwa nzito.

— Plastiki inyonye unyevu? Profesa, baki na katlesi zako! — Narumi alicheka. Yeye ni fundi wa meno ya bandia, na hapo benchini ndiye pekee mwenye daraja la kumi. — Ni kucha. Mimi siku ile nilikata za mkono wa kulia tu.

— Kucha! — Profesa alibeza. — Basi ni treni ya kasi. Ikipita, ukumbi unatikisika, alama zinachelewa.

— Haya, sikilizeni ukweli, — alisema Narumi. — Mashine ina kinyongo. Alipofeli mara ya kwanza aliipiga teke.

— Nikaiomba radhi, dada! — Tetsuya aliruka.

— Uliinama?

— Niliinama.

— Mpaka wapi?

Tetsuya akaonyesha. Wote wawili wakatikisa vichwa: haikutosha.

— Lakini huo wimbo huuchezi mazoezini, sivyo? — Profesa alimkazia macho.

— Mwaka mzima sijaugusa nje ya mtihani. Si mlisema mkono ukizoea kosa umekwisha?

— Safi kabisa, — walijibu kwa pamoja.

Bibi mmoja mwenye mfuko wa vitunguu majani aliomba nafasi, basi lake lilikuwa bado nusu saa. Alisikiliza kwa adabu, kisha akamgeukia Tetsuya.

— Huo wimbo, mwanangu, unaimbwaje?

Profesa aliweka kopo lake chini.

— Una alama elfu moja na mia nane, — alisema Profesa.

— Sikuuliza idadi.

Narumi aligonga vidole gotini, haraka, bila kosa hata moja. Lakini kuuimba hakuweza. Tetsuya alifumba macho akaona alama zote, nyeupe, bluu, nyekundu, lakini sauti hakuipata. Mara sita amesimama mbele ya spika zile! Aliona aibu hasa.

— Nisubiri, bibi.

— Kahawa yako! — Narumi alimwita, lakini alikwishaingia.

Akaweka kadi inayohifadhi daraja lake, akachagua mtihani. Nyimbo tatu zilipita. Ya nne ilipoanza alitega masikio kuliko macho, na chini ya vurugu zote akausikia: wimbo wenyewe, mfupi, mtamu, unaorudi na kurudi. Pale penye sahani hapakuwa na mbio zozote. Palikuwa na kiitikio. Aliitikia kwa mkono huku akiimba kwa sauti, mpaka muziki ukafika mwisho ambao hakuwahi kuufikia.

Alitoka ameinua kadi juu.

— Kumi! — alipiga kelele.

— Ulikata kucha! — alidakia Narumi.

— Mvua imeahirishwa, nilisema mimi! — Profesa naye alikuwa amesimama.

Basi lilikuwa linafunga breki. Tetsuya alimshikia bibi mfuko, akamwimbia kuanzia mwanzo, mkono wake ukisugua hewa. Bibi aliusikiliza wote, mguu mmoja kwenye ngazi, dereva akingoja.

— Kumbe mzuri hivyo, — alisema, akapanda.

Narumi alijaribu kuuimba. Alikosea pale pale penye sahani.

— Rudia, dada, — Tetsuya alimwambia. — Treni yangu bado.